Paa Linavyopumua: Hewa Katika Nyumba za Kale za Unguja

Paa la asili la nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja halikuwa la bati, bali lilikuwa sakafu bapa ya chokaa na vipande vya mawe ya matumbawe, iliyobebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, ambayo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba na kuvifanya viwe virefu na vyembamba. Kwa kuwa sakafu hiyo ilistahimili jua kuliko mvua za masika, wenye nyumba wengi baadaye waliezeka mabati juu yake bila ya kuiondoa, na hivyo nyumba ikawa na mapaa mawili yenye uwazi wa giza katikati, uwazi ambao leo huonekana kuwa stoo tu ilhali ndio unaoamua umri wa paa zima.

Mchana bati likipata moto, hewa iliyo chini yake hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Ikikuta tundu karibu na kofia, yaani bati linalofunika mgongo wa paa, hutoka, na hewa yenye ubaridi huvutwa kuingia kupitia nafasi iliyo chini ya upenu. Matundu ya juu peke yake hayatoshi, kama kopo la maziwa lililotobolewa mahali pamoja linavyogoma kumimina. Usiku mambo hugeuka: bati hupoa upesi kuliko hewa, na mvuke uliokosa pa kutokea hugeuka kuwa matone upande wa ndani, yakateremka kwenye misumari na kudondoka, hata mwenye nyumba akadhani paa linavuja.

Paa la makuti halina shida hiyo, kwa kuwa hupitisha hewa mwili mzima.

Madhara makubwa, kwa kweli, huletwa na ukarabati wenyewe. Upenu huzibwa kwa saruji ili popo na panya wasiingie, singibodi hupigiliwa bila ya kuachwa tundu, na chokaa, ambayo huupokea unyevu na kuuachia, hubanduliwa na mahali pake kupakwa saruji, ambayo huufungia ndani ya ukuta. Za kwanza kuumia ni ncha za boriti zilizozama ukutani, ambazo kwa nje huonekana nzima, lakini zikichomwa kwa bisibisi huingilika kama muhogo uliooza. Hapo uzee wa nyumba husingiziwa.

Si kwamba hewa hutibu kila kitu, kwani bati la moto huendelea kurusha joto lake chini hata upepo ukipita, na kwa hilo rangi nyeupe juu ya bati husaidia zaidi. Popo nao huzuiliwa kwa wavu wa waya, mradi vumbi lisuguliwe mbali kila mara, maana wavu uliojaa vumbi hauna tofauti na ukuta. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kazi ya paa huhitaji kwanza kibali cha mamlaka ya hifadhi.

Kabla ya kununua mabati mapya, mwenye nyumba na apande juu alfajiri moja ya kiangazi, akiwa na tochi. Akikuta matone chini ya bati ilhali mvua haikunyesha, bati si la kulaumiwa.