Tovuti ni Yako, Funguo Ziko kwa Fundi

Mwaka wa fedha wa Tanzania unapoanza kila Julai mosi, kampuni za utalii za Arusha na Moshi hukaa macho. Tozo ya hifadhi ikipanda au kodi ikiongezwa, bei ya safari ya siku 6 ya Serengeti na Ngorongoro haiwezi kubaki ile ya Juni. Meneja anapiga hesabu upya, anawatumia mawakala bei mpya kwa barua pepe, anachapisha karatasi nyingine ya mezani. Imebaki tovuti. Anampigia fundi aliyeitengeneza, hapokei. Akipokea, yuko Mwanza hadi Ijumaa. Au yupo, ila anataka kwanza “kitu kidogo” cha kufungua mfumo. Muda huohuo mgeni aliyeko Munich anasoma bei ya zamani, anaipenda, na anatuma maombi ya watu wanne.

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ina zaidi ya miaka 20 sokoni. Zamani kubadilisha hata nukta kwenye ukurasa wa wavuti kulihitaji mtu anayejua msimbo, afungue faili, alirekebishe, kisha alipandishe kwenye seva. Mei 27, 2003 Mmarekani Matt Mullenweg na Mwingereza Mike Little walitoa toleo la kwanza la WordPress, wakijenga juu ya programu ya blogu iliyoitwa b2 ambayo mwenyewe alikuwa ameiacha. Wazo lake lilikuwa rahisi: mwandishi aingie kwa neno la siri, aandike kwenye kisanduku, abonyeze kitufe, maandishi yatokee. Leo programu hiyo, isiyolipiwa leseni, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani kwa hesabu za W3Techs.

Mwaka 2005 ilifuata nyingine iliyochukua jina lake kwetu. Watengenezaji waliojitenga na mradi wa Mambo walitafuta jina jipya, wakaangukia neno “jumla”, wakalipa tahajia ya Kizungu: Joomla. Wao walikusudia “wote kwa pamoja”. Mtu wa Kariakoo akilisikia atauliza kwanza dazeni ni bei gani.

Pia kuna maduka ya kukodisha. Wix, iliyoanzishwa Israeli mwaka 2006, na Squarespace ya Marekani humpa mfanyabiashara kila kitu mahali pamoja, naye hulipa kwa mwezi au kwa mwaka. Zamani kikwazo kwa Mswahili kilikuwa kadi ya benki. Siku hizi kadi ya mtandaoni inafunguliwa kwenye simu, kama ile ya GlobalPay ambayo Safaricom na Visa waliizindua Kenya mwaka 2022. Urahisi upo wa kweli, lakini nyumba ni ya kupanga: kurasa zilizojengwa ndani ya Wix huwezi kuzibeba na kuzipeleka kwenye seva nyingine. Ukihama, unajenga upya.

Basi ikiwa zana zipo, kwa nini yule meneja wa Arusha bado anapiga simu?

Sehemu ya jibu iko kwenye mfuko wa fundi. Kazi ya tovuti ndogo hulipwa mara moja, na ushindani umeshusha bei. Kijana mwenye kompyuta na kiolezo cha kununua anaweza kuimaliza kwa wiki moja. Baada ya hapo riziki yake hutoka kwenye marekebisho: picha hapa, namba ya simu pale, bei kila msimu. Mteja anayejitegemea ni mteja aliyepotea. Wapo wanaofunga mlango kwa makusudi, lakini wengi, kwa maoni ya mwandishi huyu, hufunga kwa uzembe tu. Wanamaliza, wanalipwa, wanaondoka bila kumwonyesha mwenye duka pa kuingilia.

Kosa la pili ni kinyume chake, na hutokea kwa fundi mwema. Anamkabidhi mteja funguo zote. Mteja anafungua dashibodi, anakutana na menyu ndefu ya Kiingereza, ujumbe mwekundu unaomtaka asasishe programu-jalizi 14, na vitufe vya rangi, pambizo na safu. Anagusa kimoja, nembo inahamia kulia, ramani inatoweka. Hagusi tena.

Mafundi wanaoijua kazi hufunga vitu vingi na kuacha wazi vichache. WordPress ina ngazi za watumiaji: msimamizi anagusa kila kitu, mhariri anaandika na kubadilisha kurasa lakini hafiki kwenye mandhari wala programu-jalizi. Mwenye biashara anapewa akaunti ya kila siku ya mhariri. Ile ya msimamizi anaiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Tangu 2022, hata vipande vya ukurasa vinaweza kufungwa visihamishwe wala kufutwa. Halafu vinatengenezwa visanduku maalumu vyenye majina ya Kiswahili: “Bei kwa mtu mmoja”, “Bei hii inaishia tarehe”, “Vilivyomo kwenye bei”. Meneja anaandika tarakimu, anahifadhi, na ile bei inabadilika kwenye ukurasa wa mbele, ukurasa wa safari na fomu ya kuagiza kwa mpigo mmoja, kwa sababu fundi aliiweka mahali pamoja na kuzielekeza kurasa zote huko. Bei iliyoandikwa kwa mkono mahali patano lazima isahaulike mahali pamoja.

Picha nazo zina mtego wake. Inayotoka kwenye simu ya kisasa ina megabaiti 4 au 5, na mwenye hoteli ya Paje atapandisha 20 kwa furaha, kisha ashangae ukurasa unavyojikokota. Tangu toleo la 5.3 la Novemba 2019, WordPress hupunguza yenyewe picha kubwa hadi pikseli 2,560. Ni nafuu, lakini kwa anayefungua kwa bando dogo bado ni nzito. Fundi makini huweka kikomo cha chini zaidi na kumwondolea mteja wasiwasi huo.

Hata vile visanduku vya bei vina mwenyewe. Mafundi wengi huvitengeneza kwa programu-jalizi iitwayo Advanced Custom Fields, iliyosimikwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 2 na inayomilikiwa na kampuni ya WP Engine. Mwaka 2024 Mullenweg aligombana na kampuni hiyo, na Oktoba upande wake ukaitwaa programu hiyo kwenye ghala la WordPress.org na kuibadilisha jina. Desemba mahakama ya California iliamuru hali irudishwe kama ilivyokuwa. Wenye maduka hawakusikia kitu. Mafundi wao hawakulala.

Huku kwetu ugomvi mkubwa huwa juu ya domeni, yaani jina la anwani ya tovuti. Fundi huisajili kwa jina lake na barua pepe yake, kwa nia njema ya kuharakisha kazi, na miaka mitatu baadaye amehama au amebadilisha namba. Taarifa za kuisha muda zinakwenda kwenye barua pepe ambayo haisomwi. Domeni ya .com iliyofutwa kwa kutolipiwa hupewa siku 30 za kukombolewa, kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, kisha mtu yeyote anaweza kuichukua. Kwa hiyo ukurasa rahisi kuhariri haumsaidii asiyemiliki jina la mlangoni.

Wafanyabiashara wengi wameamua kuikwepa adha yote. Wanauza Instagram na WhatsApp, ambako kila mtu anajua kubadilisha picha, na bei ni “njoo inbox”. Hawajakosea sana: mteja yuko huko, na M-Pesa inamalizia. Lakini Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa 6, na duka lisilo na anwani nyingine lilikuwa limefungwa.

Ipo njia ya makabidhiano ambayo baadhi ya mafundi wameanza kuifuata kabla ya kupokea malipo ya mwisho. Mteja anakaa na simu yake mwenyewe, kwani kompyuta ya ofisini huenda ikawa na mhasibu siku ya kuhitajika. Anaingia kwa neno lake la siri, anabadilisha bei ya safari moja, anaondoa picha ya mwaka juzi, anaweka ya juzi. Fundi anakaa upande wa pili wa meza na haruhusiwi kushika kitu. Mteja akikwama, linaloandikwa kwenye daftari ni jina la kitufe kilichomkwamisha, na usiku huo fundi anakwenda kukibadilisha.