Motokari inazimika-zimika: usiipime ndani ya garaji



Motokari yako inazimika, lakini si kila siku. Leo inakufikisha kazini vizuri, kesho inazima kwenye barabara ya Kasumbalesa na kamiyo nyuma yako zinapiga honi. Na vitesi vinaingia kwa kishindo. Ukiipeleka kwa fundi, hapo haina neno! Basi unaamua kuitafutia ugonjwa wewe mwenyewe nyumbani, jioni.

Sisi wa dispanseri hatukatai. Ugonjwa unaokuja na kuondoka unatafutwa namna moja kwa mtu na kwa motokari: uliza kwanza, gusa baadaye. Chukua karatasi, andika. Inazima ikiwa baridi, asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, ao ikishapata moto? Baada ya mvua? Baada ya kununua esansi ya bidoni kando ya njia? Ikizima kwa joto na kuwaka tena ikishapoa, mara nyingi ni kifaa cha umeme kinachochoka. Ikizima penye shimo, tazama kwanza vichwa vya bateri: waya umelegea, ao kuna unga mweupe ao wa kijani. Vumbi letu la kiangazi nalo linaziba filtri ya hewa.

Kwa motokari otomatiki, kuzima na vitesi vibaya mara nyingine ni ugonjwa mmoja. Ikizima kila unaposimama kwenye D, lakini haizimi ukitia N kabla ya kusimama, huenda kiungo kati ya moteri na bwati ya vitesi kimekataa kuachia, sawa na mtu anayesimama bila kukanyaga ambreaji. Usipoteze pesa kwa buji. Pima mafuta ya bwati: yakiwa meusi na yananuka kuungua, kazi hiyo ni ya fundi.

Sasa, katika motokari nyingi zenye kijiti, mafuta hayo yanapimwa moteri ikiwa na moto na inawaka. Hapa ndipo tunaogopa, kwa sababu wengi wanafunga garaji juu ya wezi. Moshi una hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haionekani, hainuki, na inashika damu kuliko oksijeni mara zaidi ya 200. Moteri mgonjwa, inayochoma esansi vibaya, inatoa nyingi kuliko nzima. Kufungua mlango nusu hakutoshi. (Ni hewa ileile ya mbabula mnayoingiza chumbani wakati wa baridi.) Toa motokari nje katikati ya lupango, kaza freni ya mkono, tia mawe kwenye magurudumu, na mdomo wa moshi usielekee dirisha la watoto.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu: wengi wanasema ni malaria, wanameza vidonge na kulala. Wengine hawaamki. Ukiona hivyo, toka kwenye hewa safi, zima moteri kama unaweza bila kukawia ndani, na uje dispanseri hata ukijisikia nafuu. Mwambie muuguzi: «Nilikuwa karibu na moteri inayowaka.» Bila neno hilo anaweza kukupima malaria tu, na saa ya kukupa oksijeni inapita. Wote waliokuwa nyumbani waje pia, mama mwenye mimba wa kwanza.

Motokari ikizima ingali inatembea, freni na usukani vinakuwa vigumu lakini havijafa. Kanyaga freni mara moja kwa nguvu, usipigepige.

Jambo jingine: usivute esansi kwa mdomo ukitaka kuona kama ina maji. Tone dogo likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mkali. Kama umemeza, usijitapishe, usinywe maziwa wala mawese. Suuza mdomo, uje kwetu siku ileile, hata kama kikohozi ni kidogo.