Haibridi ni ya anayeweza kuifungua

BMW i8, gari lile ambalo milango yake hufunguka kwenda juu, ina injini ya CC 1499. Toyota Fielder ya haibridi ina injini ya CC 1496. Naam, Fielder ile ile inayotoka Mumias asubuhi huku dereva akimwomba aliyekaa mlangoni asogee kidogo, mmoja aingie. Zinapishana CC tatu tu, na bado Fielder ina nguvu za farasi 100 na i8 za mwisho zina 374.

Mitungi mitatu ya i8 imefungiwa turbo na huzungusha magurudumu ya nyuma, nayo mota ya umeme huzungusha ya mbele. Vikisaidiana, gari hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 4.4. Wazo lenyewe, kwamba petroli na umeme vibebe mzigo mmoja, Toyota ililiingiza sokoni Japani Desemba 1997 kwa jina la Prius, gari ambalo wakati huo hakuna kijana aliyebandika picha yake ukutani. Mwaka 2013 wazo hilo hilo likatoka na McLaren P1, Porsche 918 Spyder na LaFerrari. McLaren ilitengeneza P1 375 tu. Hayo ni ya kuangalia kwa simu. Lakini i8, iliyoundwa kuanzia 2014 hadi 2020 na kupita magari 20,000, ndiyo supakaa ya haibridi ambayo Mkenya mwenye biashara iliyosimama anaweza kumtajia wakala wa kuagiza magari wa Mombasa bila kuchekwa. Wapo watakaosema i8 si supakaa kamili. Waache waseme.

Anayeitaka afanye haraka. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia, wala lenye usukani wa kushoto. i8 za mwanzo zilishafungiwa mlango. Za mwaka wa mwisho, 2020, zitaweza kuingia hadi mwisho wa 2027 sheria ikibaki ilivyo, kisha watu watabaki kuuziana zile ambazo tayari ziko nchini.

Sasa ilete Kakamega. Barabara ya Kisumu ina lami, lakini Khayega, Chavakali, Mbale, Majengo, kote kuna matuta, na tumbo la i8 liko milimita 117 tu kutoka ardhini. Ulaya, mpenzi wa magari akinunua gari la aina hii huanza kwa kulishusha zaidi kwa sipringi fupi. Huku kwetu marekebisho ya kwanza ya gari lolote ni kulipandisha: spesa juu ya sipringi, shokabsoba ndefu, mpaka Probox inasimama kama jogoo. Ukiipandisha i8 hivyo umeiharibia kazi, maana sakafu yake imelazwa bapa makusudi ili upepo upite chini bila kupambana nayo. Usipoipandisha, utayapita matuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, bodaboda wakikupigia honi nyuma.

Kisha kuna bodi. Chumba cha abiria cha i8 kimeundwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya plastiki ngumu. Fundi wa jua kali wa kunyoosha bodi, ambaye kwa nyundo, gogo na moto anaweza kuirudishia sura Corolla iliyogongwa na trekta la miwa, hapa hana pa kuanzia. Kaboni hainyooshwi wala haichomelewi.

Vijana wa Subaru watauliza ekzosi itavuma vipi. Haitavuma vya kuridhisha. Kwenye msongamano wa mjini injini imejizima, gari linateleza kwa mota, na ekzosi uliyoilipia haina la kusema. Hata sehemu ya ngurumo anayoisikia dereva wa i8 hutoka kwenye spika za ndani. Na ukitaka kuongeza nguvu kwa kuchezea programu ya injini, kama wafanyavyo hao wa Subaru, unakutana na kompyuta inayogawa kazi kati ya injini, mota, betri na breki. Ukiongeza upande mmoja, upande wa pili unauliza nyongeza imetoka wapi.

Umeme wenyewe hausumbui. Betri ya i8 za mwisho hubeba kilowati-saa 11.6, yaani uniti kumi na moja na nusu hivi za tokeni, na huchajiwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. BMW ilitaja kilomita 55 kwa chaji moja. Wapimaji wa Marekani wakapata kama 29. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi, kwa hivyo injini itawaka kabla ya kufika. Lakini kutoka Kiboswa kwenda Kondele barabara inateremka kuelekea ziwani, na hapo haibridi yoyote, iwe ya mamilioni au ya kubeba abiria, hufanya jambo moja: dereva anakanyaga breki, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri. Madereva wa Fielder wanaujua mteremko ule. Huitazama mishale ya kwenye skrini ikigeuka na kusifu gari utadhani wao ndio waliolitengeneza.

Anayetaka kuona haibridi ikifanyiwa marekebisho Kakamega basi asitafute milango inayopaa. Aende gereji ambako Toyota Aqua imeng'olewa kiti cha nyuma. Nilikaa kwenye moja, kando ya barabara ya Mumias, nikatazama. Fundi alitoa plagi ya usalama, kisha akaketi kunywa chai. Wateja wengine hudhani ni uvivu. Anasubiri dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, kwa sababu betri ya Aqua ni ya volti 144 na inveta huupandisha umeme huo hadi volti 520. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa, rangi ile ile utakayoikuta kwenye i8, kumwonya asiyevaa glavu.

Boksi likifunguka, ndani kuna moduli 20 zimepangwa wima, kila moja ya volti 7.2. Kupima kwa mita peke yake hakutoshi, maana hata moduli mbovu husoma vizuri tu isipobebeshwa mzigo. Kwa hivyo anaifungia balbu ya taa kubwa ya gari, anaiacha iwake, macho kwenye mita. Moduli nzima hushuka kidogo ikatulia. Iliyochoka huporomoka, naye huitia alama ya chaki. Vibao vya shaba vinavyoziunganisha husuguliwa kwa msasa hadi kutu ya kijani itoke. Mwisho ni feni. Tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma, ambalo abiria hulifunika kwa gunia la mahindi bila kujua, lilikuwa limejaa vumbi jekundu. Betri ilikosa hewa ikapata joto, na gari lenyewe lilikuwa limefika nchini likiwa na miaka saba.

Kubadilisha moduli moja moja ni kutia kiraka. Zilizobaki zina umri ule ule na zitafuata. Ndiyo maana wapo wanaonunua seti nzima mpya, au moduli za lithiamu zilizoundwa kutoshea boksi lile lile. Kwangu mimi hayo ndiyo marekebisho ya haibridi yenye maana, ingawa hakuna jirani atakayesikia tofauti wala kuja kupiga picha.

Timu za Safari Rally hazikuwa na bahati hiyo ya kulifungua boksi. Kuanzia 2022 magari ya daraja la juu yalikuwa haibridi, mota ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9. Toyota GR Yaris zilichukua nafasi nne za kwanza Naivasha mwaka huo, Kalle Rovanperä akiongoza, na zikarudia 2023 kwa ushindi wa Sébastien Ogier. Lakini boksi la umeme lilitoka kwa kampuni moja ya Ujerumani, nalo lilifungwa kwa muhuri. Mafundi wa timu, wenye vifaa vya kila aina, hawakuruhusiwa kulifungua. Likiharibika lilirudi kwa walioliunda. Gharama na usumbufu vilichangia haibridi kuondolewa kwenye mashindano, na Elfyn Evans akashinda Safari ya 2025 kwa injini peke yake.

Betri ya i8 imelala katikati ya gari, kwenye mtaro kati ya viti, na hupozwa kwa gesi ya kiyoyozi badala ya feni. Nilipomweleza yule fundi wa Aqua, hakuuliza habari ya kasi. Aliuliza kama inashushwa kwa chini au inatolewa kwa juu, na ina moduli ngapi. Kwa chini, nikamwambia, na moduli ni sita zenye seli 16 kila moja. Akasema basi ni chache kuliko za Aqua, akarudi kwenye balbu yake.