Ijue Mishomoroni, Ujifunze Juu ya Shamba Lako

Ndugu mkulima, ukitaka kuijua nchi, anza na maji yake. Mji wa Mombasa ni kisiwa. Ukivuka hori la Tudor kwenda kaskazini, umefika bara ya Kisauni. Mishomoroni imo humo, upande wa hori, magharibi ya barabara kuu iendayo Malindi.

Ardhi yake
Karibu na bahari kuu, chini ni mawe ya matumbawe. Ukienda ndani wapata mchanga, na ukingoni mwa hori ni tope na mikoko. Mchanga hupitisha maji upesi. Ndiyo sababu wazee walipanda minazi, mikorosho, miembe na mihogo, mimea ivumiliayo kiangazi. Mvua kubwa ni ya masika, Aprili hadi Juni. Ya vuli huja Oktoba na Novemba.

Watu wake
Wenyeji wa bara hii ni Waswahili na Wamijikenda. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Daraja la Nyali la kuelea lilifunguliwa 1931, na la sasa 1980. Basi mji ukavuka maji, na mashamba mengi yakageuka viwanja.

Sheria ya 1908
Mwaka huo serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi pwani. Kila mwenye ardhi alitakiwa kupeleka dai lake. Wengine walipeleka, wengi, hasa Wamijikenda, hawakupeleka. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Matokeo yake yaonekana hata leo: mtu ana nyumba au minazi, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja. Akiambiwa aondoke, huondoka na mabati yake tu.

Yakupasayo wewe
Kulima miaka mingi si hati. Kwa hiyo:
1. Jua mawe ya mipaka yako, na uwaonyeshe watoto.
2. Tunza barua ya kupewa shamba na kila risiti ya mkopo.
3. Ukimaliza kulipa, fuata hati yako mpaka uishike mkononi.
4. Mwenye shamba akifariki, msikawie kuandikisha urithi.

Jembe hulisha mwaka huu. Hati hulinda wajukuu.