Je, sufuria yako imeundwa kwa madini gani?

MSOMAJI, umewahi kujiuliza sufuria unayochemshia githeri imetokana na nini? Wengi wetu tunaponunua vyombo Kamukunji au Gikomba hutazama ukubwa na bei tu, kisha tukapanda matatu kurudi Kawangware, Kangemi au Uthiru. Lakini sufuria za alumini ni za aina mbili, na tofauti yake inahusu afya ya watoto wako.

Aina ya kwanza hutengenezwa kwa bamba. Alumini tupu ni laini mno, kwa hivyo viwanda aghalabu huitia manganizi, takriban asilimia moja, au magnesiamu kidogo, ili iwe imara. Hiyo hainipi wasiwasi mkubwa.

Aina ya pili ni ya kusubu. Pistoni, vipande vya injini na vyuma kuukuu vingine huyeyushwa pamoja na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Alumini ya injini ilitiwa silikoni ili itiririke vyema hadi kila pembe ya kalibu, na shaba ili iwe na nguvu, ingawa shaba huifanya iliwe upesi na chumvi na asidi. Fundi huwa na ustadi wake, sikatai, lakini macho hayawezi kumwambia kama katika fungu lile mna lehemu au kipande chenye risasi.

Nayo risasi haikubaliani na alumini. Metali ikipoa, risasi hujitenga na kubaki vitone vidogo mno katikati ya chembe za alumini. Nyanya, ndimu, ukwaju au uji mchachu ukiila alumini, risasi nayo huingia chakulani. Huioni wala huionji.

Mwaka 2017, watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Chuo Kikuu cha Ashland, Marekani, walitoa matokeo ya vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walipochemsha asidi hafifu ya siki kwa saa 2, vyombo 15 vilitoa maikrogramu 1 ya risasi au zaidi katika kila mililita 250. Sufuria moja ya Vietnam ilitoa 33, kisha 1,126, kisha 1,426. Basi usidhani kwamba chombo kikizeeka sumu huisha!

Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, hasa akikosa madini ya chuma na kalisi. Huathiri ubongo: mtoto huchelewa kujifunza, huwa mkorofi, hupungukiwa damu. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Kama uwezo upo, pikia vyakula vyenye uchachu katika chombo cha chuma kisichoshika kutu au chungu kisichopakwa rangi. Kama haupo, usilaze mchuzi wa nyanya ndani ya sufuria ya kusubu, wala usiisugue ndani kwa waya hadi ing'are. Iliyotoboka vishimo-vishimo iache.

Ukiwa na shaka, mwombe daktari apimishe damu ya mtoto; si kila maabara mjini hupima risasi, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Shirika la Afya Duniani hutaka chanzo kitafutwe kiwango kikifika maikrogramu 5 kwa desilita. Na tafadhali usimpe mtoto dawa ya kuharisha eti umsafishe, kwani risasi iliyokwisha kuingia mfupani haitoki kwa njia hiyo.