Mvua ya Mlimani na Mtu Aliye Peke Yake

Na Frateri wa mwaka wa tatu, Falsafa



Ndugu msomaji, nikiwaambia watu kwamba mwezi wa Aprili nilikaribia kufa kwa baridi hapa hapa Tanzania, tena si Kilimanjaro bali Uluguru, wengi hucheka. Mwenzangu mmoja wa bwenini aliniuliza kama nilikuwa nimelala ndani ya friji. Namwelewa. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mtu akilala huko na shuka moja anatoka jasho. Naandika makala hii kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, kwa sababu kila mwaka vijana wa VIWAWA, watumishi wa altare na sisi mafrateri tunapanda milima kwa hija, kwa mafungo au kwa kujifurahisha tu. Tunabeba gitaa, maji na mkate. Sweta kavu hatubebi.

Ilikuwa likizo ya Pasaka. Nilitaka siku mbili za kimya, nikapanga kutoka Mgeta, kupita Nyandira, kufuata njia za wakulima wa mboga juu ya matuta, kulala usiku mmoja katika hema na kushuka kesho yake upande wa pili. Peke yangu. Nilijua masika yameanza, lakini nilijiambia kuwa mvua ni maji tu.

Kwanza niseme jambo moja kuhusu kulala nje, maana wengine wameniuliza kama inaruhusiwa. Kwetu hakuna pori lisilo na mwenyewe. Msitu wa juu kabisa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia kunahitaji kibali. Chini ya msitu ni ardhi ya vijiji, na kwa Waluguru ardhi hiyo ni ya ukoo na hurithiwa upande wa mama. Kwa hiyo ukitaka kusimamisha hema unakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, unajitambulisha, unaonyesha kitambulisho na kusema unalala wapi na unaondoka lini. Hayo niliyafanya vizuri. Ni karibu jambo pekee nililolifanya vizuri siku ile.

Saa tisa alasiri nilipita kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa tano. Tukasalimiana, nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye raba zangu zilizolowa. Akasema, "Frateri, mvua hii haiishi leo. Lala hapa." Nikamjibu, "Asante babu, mimi nafika tu." Hakubishana. Aliniuliza nitapita njia ipi, nikamwonyesha kwa kidole mteremko wa ng'ambo, nikaendelea.

Sasa tuache hadithi kidogo tuangalie mwili. Mtu aliyetulia hutoa joto la kiasi cha wati 100 hivi, sawa na ile balbu ya zamani ya nyuzi. Akipanda mlima na mzigo, joto hilo huongezeka mara kadhaa. Ndiyo maana mtu anayetembea kwenye mvua hujisikia vizuri kabisa, hata akaona koti linamsumbua. Nilivua langu mara mbili nikipanda. Lakini mwili una kazi moja usiyoweza kuisimamisha, nayo ni kulinda joto la ndani libaki karibu na nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, madaktari huiita hali hiyo haipothemia, na hapo moyo, misuli na akili huanza kufanya kazi vibaya.

Ukipanda mlima, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000. Mahali nilipolala palikuwa karibu mita 1,900, kwa hiyo toa nyuzi tisa kwenye hali ya Morogoro mjini. Usiku wa mvua hapo unaweza kukuta nyuzi 12 au 13. Si baridi ya kutisha, ukiwa mkavu. Lakini maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, na nguo iliyolowa haihifadhi tena hewa iliyokuwa inakutunza. Ongeza upepo, ambao hukausha nguo mwilini. Tunadhani kukauka ni jambo jema, na kwenye kamba ya kuanikia ni kweli. Mwilini ni hasara: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kalori za chakula karibu 580, na sehemu kubwa ya hizo hutoka kwako. Fulana ya pamba, jinzi na soksi vikilowa vyote, maji yaliyomo yanaweza kufika lita hiyo au zaidi. Unaweza kusema nguo zako zinakula ugali wako kabla yako.

Linalofuata ndilo sikulijua. Hatari kubwa haiji wakati unatembea. Inakuja unapokaa. Ukisimama, tanuri la misuli linazimika, unarudi kwenye balbu yako ya wati 100, lakini maji, upepo na ubaridi vinabaki vilevile. Mtu aliyekuwa anacheka saa kumi na moja anaweza kuwa hajiwezi saa mbili usiku. Ndiyo maana watu hufa kwa baridi katika nyuzi 10 au zaidi, bila theluji wala barafu popote.

Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Kusimamisha hema, kazi ya dakika kumi, kulinichukua karibu saa nzima, kwa sababu vidole vilikataa kufunga kamba. Mfuko wa kulalia ulikuwa umelowa nusu, maana begi langu halikuwa na kitu cha kuzuia maji kwa ndani. Nilikuwa na sweta moja kavu, limefungwa vizuri. Nikalitoa, nikalitazama, nikalirudisha. Hoja yangu, wasomaji wenzangu wa mantiki, ilikuwa hivi: kila kinachovaliwa kwenye unyevu hulowa, nikilivaa sweta hili litalowa, basi nisilivae, ili kesho niwe na nguo kavu. Hatua zote zimefuatana vizuri. Nikalala na fulana iliyolowa, sweta kavu likiwa chini ya kichwa kama mto.

Nilitetemeka sana, kisha kutetemeka kukapungua. Nikafurahi, nikadhani nimepata joto. Kumbe kutetemeka ni jitihada ya mwili kutengeneza joto, na kukikoma wakati mtu bado hajapashwa joto ni dalili mbaya kuliko kutetemeka kwenyewe. Kabla ya hapo dalili huja kwa mpangilio ambao ni vizuri kila kiongozi wa kikundi aukumbuke: mtu anajikwaa, anashindwa kufunga vifungo, anaongea kama mlevi, anakuwa mkaidi au anakaa kimya. Wengine, mwishoni kabisa, huanza kuvua nguo wakisema wanaona joto. Mwenzako akikuambia "mimi niko sawa" huku hawezi kufunga zipu, amini zipu.

Yule babu alikuwa amebaki barazani akitazama mteremko wa ng'ambo. Kwa hesabu yake nilipaswa kuonekana pale kabla ya giza. Hakuniona. Akamtuma mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba hivi, na tochi. Kijana aliliona hema, akaita, "Frateri! Frateri!" nami nikajibu maneno ambayo hakuyaelewa. Aliniambia baadaye kuwa alidhani nasali Kilatini.

Hakunicheka pale. Alinivalisha sweta, akanifunga turubai, akanikokota dakika ishirini hadi kwa jirani aliyekuwa karibu zaidi. Kama nisingeweza kutembea kabisa, ingekuwa afadhali anifunike palepale na kuita watu wanibebe taratibu, kwa kuwa moyo uliopoa sana haupendi kutikiswa. Ndani waliniondoa nguo zote zilizolowa, wakanifunika mablanketi mawili, na mama mwenye nyumba akaniletea maziwa ya mbuzi ya moto yenye sukari nyingi. (Mgeta ina mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, walioletwa miaka ya 1980 kwa mradi wa chuo cha kilimo pale Morogoro. Sikuwahi kufikiri kwamba mbuzi wa Norwei atahusika na wito wangu.) Wasichofanya ni muhimu vilevile. Hawakunisugua mikono na miguu, hawakunisogeza hadi kwenye moto wenyewe, na mtu aliyependekeza pombe kali alinyamazishwa. Pombe hufungua mishipa ya damu ya ngozi: unajisikia moto huku joto la ndani linakimbia nje. Kinachotakiwa ni kupasha kifua na tumbo polepole, kumpa kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na kutomwacha peke yake. Kama haeleweki anachosema au amelegea kabisa, asipewe kitu mdomoni, atafutiwe usafiri wa hospitali.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana si suala la fedha. Sweta jepesi la poliesta kutoka mtumbani linashika maji kidogo kuliko fulana ya pamba na hukauka haraka. La sufu ni zuri pia. Ndani ya begi weka mfuko mkubwa wa nailoni nene, usiopitisha maji, na nguo za usiku humo, zisiguswe hadi ufike. Ukifika, vaa kavu kwanza, kisha fanya mengine. Kesho asubuhi utavaa zile zilizolowa, utaumia dakika tano, na kutembea kutakupasha joto. Hilo ndilo jibu sahihi la ile hoja yangu ya sweta.

Mahali pa kulala pana uzito zaidi. Watu hupenda korongo kwa sababu halina upepo, au tuta lililochongwa kwa sababu ni sawa. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha mamia ya maporomoko ya ardhi katika eneo hilohilo la Mgeta, mengi mno yakiwa kwenye mashamba na majani na machache sana penye miti. Miteremko ni ileile. Tafuta bega la mlima lenye mizizi ya miti iliyo hai, mbali na mkondo wa maji, na mbali na mti mmoja mrefu uliosimama peke yake, kwa sababu ya radi. Mto uliovuka kwa mawe asubuhi usidhani utauvuka jioni.

Lakini hayo yote nilikuwa nimeyasikia kwa namna moja au nyingine. Swali lililonisumbua wiki nzima darasani ni kwa nini sikuyatumia. Nadhani jibu ni kwamba baridi hudhuru kwanza kile chombo ambacho ungepimia baridi. Macho yakiwa mabovu, akili inajua. Akili ikiwa mbovu, nani ajue? Mtu mwenye wenzake anawategemea wao wamwone. Aliye peke yake hana jicho la pili, kwa hiyo uamuzi wake lazima awe ameufanya mapema, akiwa mkavu na ameshiba, kisha autii hata kama baadaye anaona hauna maana.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anataja sehemu nane za busara. Moja anaiita docilitas, utayari wa kufundishwa. Anafundisha kwamba katika mambo ya matendo hakuna mtu anayejitosheleza, na tunahitaji hasa wazee, ambao wameona mengi. Nilipata alama nzuri katika swali hilo mwezi Februari. Aprili mzee mwenyewe alikuwa barazani, nikamwambia nafika tu.

Wapo watakaonikumbusha kuwa Papa Pius XI naye alikuwa mpanda milima. Ni kweli. Akiwa bado Padre Achille Ratti, mwaka 1889, alipanda Monte Rosa kutoka Macugnaga na kukesha usiku kwenye ukingo mwembamba wa mwamba karibu na kilele. Lakini walikuwa wanne, wawili kati yao viongozi wa njia, na hawakuthubutu kusinzia.

Siku hizi nikipanda peke yangu naacha karatasi kwa mtu mmoja: njia, mahali pa kulala, na saa ambayo asiponisikia aanze kuuliza. Nimejiwekea pia kwamba nikilowa hadi fulana ya ndani kabla ya saa tisa, nageuza, bila mjadala. Nimegeuza mara moja tangu wakati huo. Jua lilitoka nusu saa baadaye, nikajiona mjinga njia nzima hadi kituo cha basi.

Blanketi nililoshuka nalo nililirudisha mwezi Juni, pamoja na kilo mbili za sukari. Babu alikuwa palepale barazani. Alitazama angani, akatazama raba zangu, akaniuliza kama leo nalala.

Nililala.