Samaki wa nchi ya ukame

Mwambie mtu wa Mwanza kwamba Dodoma kuna watu wanaoamka saa kumi alfajiri siku ya Jumamosi kwenda kuvua kwa ndoano, atakuuliza wanavua nini, mchanga? Acha acheke. Dodoma kwa wastani haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na mibuyu isiyo na jani. Mito inayochorwa kwa bluu kwenye ramani, ukiifikia Agosti, ni njia za mchanga ambazo ng'ombe huvuka bila kulowesha kwato, na akina mama hufukua humo visima kutafuta maji ya kunywa.

Hata hivyo wavuvi wapo, na wanaongezeka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini watumishi wengi walianza kufungasha mizigo baada ya 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikaja 2018. Miongoni mwa waliohamia wamo waliozaliwa Ukerewe, Musoma, Bukoba na Kigoma, watu ambao wiki ikipita hawajamshika samaki mbichi hujiona wagonjwa. Hao ndio utakaowasikia Ihumwa na Mtumba, saa ya chai, wakiulizana: jamani, huku maji yako wapi? Jibu ni Hombolo.

Bwawa la Hombolo liko kilomita kama 40 kaskazini mashariki mwa jiji. Unatoka kwa barabara ya Morogoro, ukifika Ihumwa unakata kushoto, unapita mashamba ya mtama na ya zabibu, Hombolo Makulu kisha Hombolo Bwawani. Msafiri wa Agosti au Septemba asimame kwanza kwenye zabibu. Ni msimu wake, na zinazouzwa pale shambani hazijalala njiani. Bwawa lenyewe si la asili. Serikali ya kikoloni ililijenga mwaka 1957 kwa kuukinga mto Kinyasungwe Ndogo, mto wa msimu ambao ukifurika huungana na Kinyasungwe Kubwa, unaingia Mkondoa, halafu Wami, hadi Bahari ya Hindi kusini mwa Saadani. Kwa hiyo maji yanayopita juu ya kingo za Hombolo mwezi Februari yana safari ndefu kweli kweli, ingawa ukiyatazama Oktoba huwezi kuamini kwamba yana haja ya kwenda popote.

Kundi letu ni la watu wanne, watano, kutegemea nani ana harusi au msiba wiki hiyo. Wawili ni wa ziwani na hawaachi kutukumbusha. Anayeendesha gari ni Mgogo wa huku huku, ambaye utotoni alichunga mbuzi na wala hakuwahi kushika mshipi, na ndiye anayepata samaki wengi kuliko sisi wote. Yule wa Ukerewe alijaribu mwanzoni kueleza kwa nini: bahati ya mgeni, mahali alipokaa, chambo alichoibiwa. Siku hizi hasemi kitu, anahamia tu karibu naye.

Kiangazi ndio wakati wa kuvua. Watu wa pwani huniuliza kwa nini tusiende masika, bwawa likiwa limejaa. Likijaa, samaki wana nchi kubwa ya kuzurura. Wanaingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji, na kambale hasa hupanda kwenye kingo zilizofurika kwenda kutaga. Maji nayo huwa mekundu ya tope, perege haoni chambo hata ukimwekea puani. Kuanzia Juni maji hurudi nyuma, tope hutulia, na samaki husogea kwenye kile kina kilichobaki, mahali ulipokuwa mkondo wa mto wa zamani. Tatizo ni upepo. Dodoma ya kiangazi haina utani na upepo: ikifika saa nne asubuhi bwawa zima limejikunja, boya linarukaruka na huwezi kujua kama samaki amegusa au ni wimbi. Ndiyo maana ya kuamka saa kumi. Anayefika saa tatu amekuja kupiga picha.

Huko Marekani uvuvi wa namna hii, wa marafiki, boti na majira ya joto, katika mabwawa mengi humfuata samaki mmoja mwenye milia myeusi ubavuni, ambaye kwa asili huishi Atlantiki na kupanda mito kwenda kuzaa. Kuta za mradi wa Santee Cooper, katika jimbo la South Carolina, zilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1940, baadhi yao walifungiwa upande wa juu. Wengi wangedhani watakufa. Katika miaka ya 1950 ikabainika kwamba wanazaana humo humo bila kuiona bahari, na tangu hapo wamepandikizwa katika mabwawa mengi ya nchi hiyo. Lakini kiangazi ni kipindi kigumu kwao. Maji ya juu hupata joto wasilolistahimili, ya chini yana ubaridi lakini yameishiwa hewa, na samaki mkubwa hubanwa katikati, kwenye tabaka jembamba. Ukimvua wakati huo na kumwachia kwa huruma, mara nyingi hufa hata hivyo, kwa uchovu na joto.

Samaki yule asingemaliza Oktoba moja Hombolo. Hili ni bwawa la kina kifupi, halina chini penye baridi pa kukimbilia. Waliobaki hapa ni wale wasiodeka. Perege huvumilia joto na huvumilia chumvi. Kambale amekwenda mbali zaidi: nyuma ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, na maji yakichoka hupanda juu, akapiga funda la upepo na kushuka. Usiku wa mbalamwezi utayasikia mafunda hayo kabla hujaona chochote. Maji yakizidi kupungua, hujizika kwenye tope au hutambaa juu ya nchi yenye unyevu hadi dimbwi jingine.

Vifaa havina gharama, na hapa nitakuwa na upendeleo. Wawili kati yetu wana fimbo za dukani zenye gurudumu la kuzungushia mshipi, nyeusi, za kung'aa. Sijaona zikileta samaki ambaye ufito wa kawaida usingemleta. Mshipi, ndoano ndogo, chubwi la plagi kuukuu ya pikipiki na boya la kipande cha ndala vinatosha. Kwa perege chambo ni nyungunyungu, au ugali wa mahindi uliofinyangwa ukawa mgumu. Ugali wa uwele humeguka majini, tuliuacha kwa ajili ya kula. Perege hali kwa pupa. Hugusa, huondoka, hurudi, na mwenye haraka huvuta ndoano tupu asubuhi nzima. Kambale ni mambo ya giza na harufu: matumbo ya kuku, ini lililoanza kuchacha. Wavuvi wa zamani watakwambia pia habari ya kipande cha sabuni ya mche, na si mzaha, kambale huifuata kweli.

Kabla ya kutupa ndoano, kuna adabu. Ukifika ukingoni unasalimia, na neno la kwanza likiwa "Mbukwenyi" nyuso hufunguka. Wale unaowakuta na mitumbwi na nyavu wako kazini. Walikuwapo usiku kucha wakati wewe umelala Area C. Hukai pale wanapoegesha mtumbwi, hutupi mshipi kwenye mstari wa nyavu zao, na humwiti mzee wa watu "wewe kijana wa boti". Muulize: mzee, shikamoo, leo tukae upande gani? Atakuonyesha, na atakwambia pia pasipofaa kusogea kwa sababu ya wanyama wa majini. Leseni nayo usione haya kuiulizia kwa ofisa uvuvi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimbagui mwenye ufito na mwenye nyavu kwa kiasi ambacho watu wa mjini hupenda kudhani. Na usiingie majini na miguu mitupu kumfuata samaki aliyenasa kwenye majani. Maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo makao ya kichocho, ugonjwa ambao hauoni kwamba wewe ni mtumishi wa wizara.

Mjadala mkubwa wa kundi letu, unaorudi kila tunapokaa kuchoma, ni kumwachia samaki. Katika bonde la Kilombero, kwenye mito Mnyera na Ruhuji, wageni hulipa fedha nyingi kumvua samaki mkali mwenye meno ya kutisha na mistari myeusi ubavuni, wa jamii ambayo mwaka 1986 ilipewa jina la kisayansi linaloitaja Tanzania. Wakishampiga picha humrudisha mtoni. Mgogo wetu alipoelezwa hayo aliuliza kama wale wageni nyumbani kwao hawana mboga. Mimi niko katikati. Perege asiyefika urefu wa kiganja arudi majini, hilo hatubishani. Mkubwa ni wa jiko.

Ila ndoano ina siri moja ambayo watu wa nyavu hawapendi kuisikia. Perege jike, akishataga, huyabeba mayai yake mdomoni, na hata vifaranga vikianguliwa huviruhusu kutoka na kurudi ndani hatari ikitokea. Kwa muda huo anakula kidogo sana au hali kabisa. Maana yake ni kwamba anayevua kwa chambo kwa kawaida humpata samaki asiye na mzigo. Kokoro, ule wavu wa kuburuta, haliulizi: huburuta mama, mayai na yale mashimo ya duara ambayo madume wameyachimba ukingoni kwa ajili ya kuzalia. Ndiyo maana limepigwa marufuku, na ndiyo maana bado linavutwa usiku.

Lakini tusiwabebeshe wavuvi kila kitu. Adui mkubwa wa Hombolo hakai majini, anateremka kutoka vilimani. Mwaka 1972 Anders Rapp, mtaalamu wa jiografia kutoka Sweden, na wenzake walichapisha utafiti wao wa mmomonyoko wa udongo katika mabonde manne ya jirani, yale ya mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walipima tope lililokuwa likijaa nyuma ya kuta na kulirudisha kwenye chanzo: ardhi iliyolimwa na kulishwa mifugo hadi ikabaki wazi, halafu mvua chache kali zinazoanguka kabla majani hayajaota. Ikowa ilijengwa mwaka ule ule wa Hombolo. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoharibika. Vilima vikaota tena miti. Hombolo haikupata dawa kali kama ile. Kila masika Kinyasungwe hushuka na shehena yake ya udongo, ukuta unaizuia, na kina kinazidi kupungua.

Na kuna chumvi. Onja maji ya Hombolo mwezi Oktoba utaelewa kwa nini chai ya huko ina ladha yake. Utafiti wa Cassion Shemsanga na wenzake, uliochapishwa 2017, ulifuatilia chanzo cha chumvi hiyo katika bwawa na katika maji ya chini ya ardhi ya Dodoma. Jua nalo huikoleza: maji yanayopanda hewani kwa mwaka yanazidi mvua inayoshuka mara kadhaa, nayo chumvi haipandi, inabaki. Mkulima wa nyanya chini ya bwawa huiona kama unga mweupe juu ya udongo wake. Perege haimsumbui. Inasumbua zaidi wale wanaoota kwamba siku moja wataleta samaki wa kigeni wa kifahari wawavue wikiendi.

Ikifika Novemba, joto likiwa kali na kundi likiwa limechoka na perege wa saizi ya sahani ya chai, huanza mazungumzo ya Mtera. Bwawa lile la mto Ruaha Mkuu, katika barabara ya Iringa, ni kubwa kupita kiasi ukililinganisha na letu, lina samaki wakubwa na lina mamba. Wa Ukerewe na mwenzake wa Musoma wanataka twende tukalale huko. Mimi sina pingamizi. Mgogo wetu, mwenye gari, anasema yeye haoni ambacho Mtera inacho na Hombolo haina, na kama wanakitaka sana wachangie mafuta.